Anza na Ukuta, Kisha Wino: Kuchagua Karatasi ya Mati kwa Picha za Nyeusi na Nyeupe

Sebule nyingi za wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, zina picha moja inayotundikwa juu kuliko nyingine zote. Ni ya babu aliyevaa koti juu ya kanzu, au ya bibi aliyeketi kitini na busuti yake, iliyopigwa studio miaka ya 1950 au 1960, nyeusi na nyeupe, mara nyingi haizidi ukubwa wa kiganja. Siku hizi picha hizo zinaletwa Kayanga, Omurushaka na Nkwenda zichukuliwe nakala. Zinapitishwa kwenye skana, zinafutwa madoa na mikwaruzo kwenye kompyuta, kisha zinasafishwa upya kwa ukubwa wa A4 au A3. Vijana wa steshenari wameimudu kazi hiyo, na baadhi yao ni hodari kweli kweli. Ila ikifika hatua ya kuchagua karatasi, hakuna anayechagua. Inatumika karatasi ya kung'aa iliyomo kwenye printa tangu asubuhi, ile ile ya picha za kipaimara na mahafali, na babu anarudi sebuleni akiwa na mwanga wa mlango pale ulipotakiwa kuonekana uso wake.

Kwa karibu kila picha ya zamani ya nyeusi na nyeupe itakayokaa ukutani katika nyumba zetu, mimi nashauri karatasi isiyong'aa, ile ambayo mafundi huiita mati. Ushauri huo una masharti yake. Karatasi ya mati ikikutana na wino usioifaa hutoa picha iliyochoka, yenye weusi wa majivu, na mteja ana haki ya kuikataa. Kwa hiyo sianzi na pakiti iliyoko dukani. Naanza na ukuta ambao picha itakaa, naenda kwenye wino ulioko kwenye printa, ndipo nafika kwenye karatasi.

Nyumba ya kawaida ya huku ina mlango mpana wa mbele na madirisha madogo. Mchana mwanga karibu wote unaingia kwa mlango, na picha hutundikwa chini kidogo ya dari, ikiinamia mbele. Karatasi ya kung'aa inaupokea mwanga huo na kuurudisha upande mmoja, kwa nguvu, kwa hiyo aliyeketi kwenye kochi anaona mstatili wa mlango kwenye paji la uso wa bibi. Akitaka kumwona bibi inabidi ahame kiti. Mati huutawanya mwanga kila upande, na picha inaonekana sawa uwe umekaa kona gani.

Kuna sababu ya pili, na kwangu ndiyo nzito zaidi: unyevu. Karatasi ya kung'aa iliyogusana na kioo cha fremu hunata, hasa vuli na masika hewa inapojaa maji, na ikishanata haibanduki bila kuacha sehemu ya uso wake kwenye kioo. Kila fundi aliyewahi kufungua fremu za zamani anaijua picha ya studio iliyogeuka kuwa kitu kimoja na kioo chake. Uso wa mati una vinundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na hewa hupita kati yake na kioo. Mati nayo inaweza kuharibika, lakini haigandi kwa urahisi namna ile.

Sasa tuseme ukweli kuhusu weusi, maana hapo ndipo wapenzi wa karatasi ya kung'aa wana hoja. Weusi wa picha hupimwa kwa kipimo kiitwacho densiti. Karatasi nzuri ya kung'aa hufika densiti ya 2.3 hivi au kupita. Mati nzuri huishia 1.6 au 1.7. Kwa hesabu ya mwanga, weusi wa 2.3 hurudisha nusu ya asilimia 1 ya mwanga ulioangukia, na weusi wa 1.6 hurudisha asilimia 2.5. Tofauti hiyo inatokana na uso wenyewe: vinundu vile vile vinavyozuia mng'ao hutawanya mwanga kidogo juu ya wino, na weusi unapata ukungu mwembamba. Hakuna wino utakaoiondoa tofauti hiyo yote.

Namba hizo huwatisha watu bure. Mwingereza William Willis alipata hataza ya uchapaji wa picha kwa platinamu mwaka 1873, na hadi leo picha za platinamu zinahesabiwa miongoni mwa picha nzuri kuliko zote zilizowahi kuchapwa. Zote hazing'ai, na weusi wake kwa kawaida hauzidi densiti ya 1.5, yaani chini ya mati ya leo. Frederick H. Evans, aliyepiga picha za makanisa makuu ya Uingereza na Ufaransa, aliipenda karatasi ya platinamu kiasi kwamba ilipoadimika na kupanda bei wakati wa Vita Kuu ya Kwanza aliachana na kazi ya kupiga picha. Jicho halipimi weusi kwa mashine. Linalinganisha weusi na weupe ulio pembeni yake na vijivu vilivyo katikati. Vijivu vikipangwa vizuri, hakuna mgeni sebuleni atakayelalamika kwamba koti la babu halijawa jeusi vya kutosha.

Na Karagwe ina historia yake kwenye karatasi isiyong'aa. Wasafiri John Hanning Speke na James Augustus Grant walipofika kwa Omukama (mfalme) Rumanyika wa Karagwe, Bweranyange, mwishoni mwa mwaka 1861, hawakuwa na kamera. Walikuwa wameanza safari nayo, na Grant alipiga picha Unguja mwaka 1860. Lakini mapema katika safari Speke aliirudisha pwani, kwa hofu kwamba joto la hema dogo la kuandalia sahani za kioo lingemuua mwenzake. Grant akabaki na penseli na rangi za maji. Maradhi ya mguu yalimweka Karagwe miezi kadhaa, na huko akachora. Michoro ya safari yake iko katika Maktaba ya Taifa ya Scotland, na ndiyo iliyotumiwa kutengeneza picha za kitabu cha Speke cha mwaka 1863. Anayetaka kujua mati hufanya nini na sura ya mtu aangalie mchoro mzuri wa penseli: weusi wake si mzito hata kidogo, lakini shavu, shingo na mkunjo wa nguo vyote viko mahali pake.

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Vitabu vingi vya uchapaji wa picha vimeandikwa na watu waliokuwa wakichapa nyuso nyeupe. Kwao uso hukaa katika nusu ya juu ya ngazi ya vijivu, na giza la chini ni la nywele, koti na vivuli. Uso wa Mnyambo, mwenyeji wa Karagwe, aliyelima kahawa na migomba juani maisha yake yote hukaa chini zaidi, na katika picha ya studio ya zamani, iliyopigwa kwa taa moja, upande wa pili wa uso hukaribia giza kabisa. Sasa kumbuka tabia ya mati: sehemu inayobanwa ni hiyo hiyo ya chini. Kijivu cha asilimia 85, cha 90, cha 95 na weusi kamili husogeleana. Ukichapa bila kufikiri, shavu la kushoto, sikio, kola ya koti na pazia la nyuma vinaungana kuwa bonge moja la giza, na kinachobaki kwa babu ni pua, macho na weupe wa kanzu.

Kwa sababu hiyo, ninapopima karatasi siulizi kwanza weusi wake unafika wapi. Nauliza kama inatenganisha vijivu vya chini. Kipimo chake ni rahisi na kila steshenari inaweza kukifanya. Tengeneza kwenye kompyuta ngazi ya visanduku 21, kuanzia weupe wa asilimia 0 hadi weusi wa asilimia 100, kila kimoja kikizidi kilichotangulia kwa asilimia 5. Ichape kwenye karatasi unayotaka kuijaribu, iache ikauke, kisha iangalie mlangoni mchana. Je, unaona mpaka kati ya 90 na 95? Kati ya 95 na 100? Karatasi inayoonyesha mpaka kati ya 90 na 95 inazifaa nyuso zetu kuliko ile yenye weusi mkali zaidi ambayo visanduku vyake vimefungana kuanzia 80. Ukishajua mahali vinapofungana, rudi kwenye picha na uinue uso wenyewe juu ya hapo. Usiinue picha nzima. Koti libaki zito, na weusi kamili uachiwe mboni ya jicho, tundu la kifungo na kivuli kilicho chini ya kiti.

Upande wa pili wa ngazi nao una mambo yake. Weupe wa picha hautoki kwenye wino, unatoka kwenye karatasi, na kanzu ya babu ni karatasi yenyewe. Mati nzuri huonyesha kijivu cha asilimia 3 au 4 kwa upole sana, na hapo ndipo unapoona mkunjo wa mkono wa kanzu na mshono wa shingoni. Ukiacha kanzu iende weupe mtupu, nguo inapasuka kuwa tundu katikati ya picha.

Tuje kwenye wino. Printa nyingi za picha katika steshenari za huku ni zile za matangi, zinazojazwa kwa chupa. Epson L805, ambayo imeenea sana, ina wino wa rangi 6, na katika hizo nyeusi ni moja tu, hakuna kijivu. Wino wake ni wa kuyeyuka, yaani rangi imeyeyuka ndani ya kimiminika na huzama katika tabaka la juu la karatasi. Printa ya namna hiyo ikiambiwa ichape kijivu, hukitengeneza kwa kuchanganya samawati, waridi na manjano pamoja na nyeusi kidogo. Mchanganyiko ukisogea kidogo tu, babu anakuwa wa kijani au wa zambarau. Halafu kuna jambo linalowachanganya wengi: picha iliyoonekana safi dukani inageuka rangi nyumbani, kwa sababu taa ya sola ya LED haina mwanga sawa na jua, na wino wa rangi huitikia kila mwanga kivyake. Picha yoyote ya nyeusi na nyeupe iliyochapwa kwa wino wa rangi lazima iangaliwe mara mbili kabla mteja hajalipa: mlangoni mchana, na chini ya taa ya aina iliyopo nyumbani kwake.

Printa za kazi ya juu hutatua tatizo hilo kwa kubeba nyeusi zaidi ya moja. Mwaka 2005 Epson ilitoa wino wa UltraChrome K3, wenye nyeusi yenyewe na vijivu viwili, cha pili chepesi kuliko cha kwanza, hivyo kijivu kikawa kijivu kweli bila kuombaomba rangi nyingine. Wino huo ni wa pigimenti: chembe ndogo mno ngumu zinazokaa karibu na uso wa karatasi badala ya kuzama. Printa hizo zina nyeusi ya aina mbili, moja ya karatasi za kung'aa na moja ya mati. Nyeusi ya mati kwenye karatasi ya mati hutoa weusi mzito kwa kiasi ambacho hata asiye fundi atakiona. Nyeusi ya picha za kung'aa kwenye karatasi hiyo hiyo hutoa ule weusi wa majivu niliousema mwanzoni. Kwenye mashine za zamani kuhama kutoka nyeusi moja kwenda nyingine kulimwaga wino mwingi. Epson P700 na P900 za mwaka 2020 zina njia tofauti kwa kila nyeusi, na hasara hiyo imekwisha.

Najua mashine kama hizo hazipo kila kona ya wilaya zetu, na sitaki msomaji wa Murongo afunge gazeti akidhani makala si yake. Kwa printa ya matangi yenye wino wa kuyeyuka, mati bado inafaa, kwa uangalifu wa namna mbili. Kwanza, mwambie mchapaji achague karatasi ya mati kwenye programu ya printa. Akiacha chaguo la karatasi ya kung'aa, mashine itamwaga wino mwingi kupita uwezo wa tabaka, vivuli vitalowa, na karatasi itajikunja mawimbi. Pili, wino uwe halisi wa printa hiyo. Wino wa bei ya chini unaouzwa kwenye chupa zisizo na jina hupauka haraka, na picha ya ukumbusho haitakiwi kuanza kupauka kabla ya matanga mengine.

Kupauka kwenyewe si kazi ya jua peke yake. Mwaka 2000 printa za Epson Stylus Photo 870 na 1270 zilipotoka Marekani, baadhi ya wateja waliona picha zao zikigeuka rangi ya machungwa ndani ya siku au wiki chache, hata zilizowekwa mbali na dirisha. Mkosaji alikuwa ozoni iliyomo hewani, ikishambulia wino wa kuyeyuka uliokaa kwenye karatasi yenye vitundu. Mati nayo ina vitundu. Kwa hiyo picha ya mati iliyochapwa kwa wino wa kuyeyuka iwekwe nyuma ya kioo bila mjadala, na isitundikwe katika njia ya moshi wa jikoni. Iliyochapwa kwa pigimenti ina ustahimilivu mkubwa zaidi.

Karatasi sasa. Mtego mkubwa kuliko yote ni jina. Ukiingia dukani ukaomba mati, unaweza kupewa karatasi nene, laini, nyeupe safi, isiyong'aa, na muuzaji akakuhakikishia, "Hii ni mati, kaka, tena nzito." Anasema kweli. Tatizo ni kwamba hiyo ni atipepa ya mashine za ofseti na leza, ile ya vipeperushi na kadi za harusi. Imepakwa udongo wa kaolini au chokaa iliyosagwa, kwa ajili ya wino mzito wa ofseti au unga wa leza unaoyeyushwa kwa joto. Wino wa maji ukitua juu yake hauna pa kwenda: unajikusanya matone, unateleza, na kidole kikipita saa moja baadaye kinaondoka na shavu la mtu. Karatasi ya mati ya wino wa maji imepakwa tabaka la silika, lenye vitundu vinavyonyonya kimiminika na kuiacha rangi karibu na juu. Kwenye pakiti tafuta maneno yanayotaja printa za wino, na kama karatasi imeshatolewa kwenye pakiti, omba kipande ukijaribu.

Nyingi zimepakwa upande mmoja tu. Fundi wa zamani hugusa kona ya karatasi kwa mdomo au kidole chenye unyevu kidogo: upande uliopakwa hushika, usiopakwa huteleza. Ukichapa upande usio sahihi, picha inatoka kama gazeti lililonyeshewa.

Uzito nao unapotosha. Gramu zilizoandikwa kwenye pakiti ni uzito wa karatasi kwa mita moja ya mraba, na hazisemi chochote kuhusu ubora wa tabaka. Nimeona mati ya gramu 128 yenye tabaka zuri ikishinda nyingine ya gramu 220 katika kutenganisha vijivu. Uzito una kazi moja, kuifanya karatasi isimame wima ndani ya fremu bila kupiga mawimbi, na kwa A4 gramu 170 hadi 200 zinatosha. Zikizidi hapo, soma kwanza kitabu cha printa yako inapokea unene gani. Ile inayolisha karatasi kwa nyuma huvumilia zaidi kuliko ile inayoizungusha kutoka chini.

Kuhusu weupe, kuna kipimo ninachokipenda kwa sababu vifaa vyake vipo kila duka. Watengenezaji wengi huchanganya ndani ya karatasi dawa ya kung'arisha, jamii moja na iliyomo kwenye sabuni ya unga inayofanya shati liwake. Dawa hiyo hupokea mwanga wa urujuanimno usioonekana na kuutoa kama mwanga wa bluu, na jicho linaona weupe mkali. Taabu yake ni mbili. Kwenye taa ya LED, ambayo haina urujuanimno wa kutosha, weupe huo hauwaki, na karatasi iliyong'ara dukani inafifia sebuleni jioni. Halafu dawa yenyewe huchoka kwa miaka, na karatasi hurudi kwenye umanjano wake. Kuigundua ni rahisi: chukua ile taa ya kukagulia noti bandia aliyonayo wakala au mwenye duka la jumla, imulike karatasi mahali penye giza. Ikiwaka bluu kali, dawa ni nyingi. Ikibaki na rangi ya zambarau iliyofifia, dawa ni kidogo au haipo. Kwa picha ya ukumbusho nachukua ya pili, hata kama mchana inaonekana na umaziwa kidogo. Umaziwa huo unaendana na picha za studio za zamani, ambazo nyingi hazikuwahi kuwa na weupe wa barafu.

Ndani ya karatasi kuna nyuzi, na nyuzi ndizo zinazoamua miaka. Za bei nafuu hutokana na mbao ambazo hazikusafishwa lignini yote, na lignini ndiyo inayofanya gazeti ligeuke kahawia. Za juu ni za mbao zilizosafishwa kabisa au za pamba. Hahnemühle wa Ujerumani, kiwanda kilichoanza mwaka 1584, hutengeneza Photo Rag ya pamba tupu, na ile ya gramu 308 imekuwa kipimo ambacho mati nyingine hulinganishwa nacho. Canson wa Ufaransa, aliyeanza mwaka 1557, ana Rag Photographique, laini sana na isiyo na dawa ya kung'arisha. Kayanga huzikuti rafuni. Anayezihitaji kwa picha moja au mbili za maana huagiza kupitia Dar es Salaam, Nairobi au Kampala. Kwa mati za kawaida, wengi wa huku tayari wana njia ya Mutukula hadi Nasser Road, mtaa wa wachapaji wa Kampala, na pale unaweza kugusa karatasi kabla ya kuinunua. Yakikosekana yote hayo, tafuta pakiti iliyoandikwa kuwa haina asidi, na ukae nayo.

Karatasi zenye mikwaruzo ya kuiga turubai au karatasi ya rangi za maji siziungi mkono kwa nyuso ndogo. Mwanga wa mlango ukija kwa ubavu, kila kinundu kinatupa kivuli chake, na kwenye A4 vivuli hivyo vinagombana na ndevu na makunyanzi. Zinafaa kwa mandhari: ukungu wa asubuhi juu ya Mto Kagera, au vilima vya Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe, kwa ukubwa wa A3 kwenda juu.

Hali ya hewa yetu ni mshirika katika kazi hii. Karatasi ya mati hunywa unyevu haraka kuliko ya kung'aa, ambayo katikati yake imefunikwa plastiki pande zote. Miezi ya mvua, pakiti iliyoachwa wazi usiku kucha asubuhi ina kingo zilizopinda, na kichwa cha printa kikipita kinakwaruza kona na kuacha mstari mweusi usiofutika. Toa karatasi unazotumia, nyingine zirudi kwenye mfuko wake, kandamiza hewa itoke, funga. Vile vifuko vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya visitupwe. Kuanzia Juni hadi Agosti adui ni mwingine: vumbi jekundu. Mati nayo huangusha unga wa tabaka lake. Chembe ikikaa juu ya karatasi wakati wa kuchapa, wino unaifunika. Siku ikidondoka, inaacha nukta nyeupe katikati ya koti jeusi. Kabla ya kulisha printa, shika karatasi wima, ipige kidogo kwa nyuma, na ipitishe brashi pana, laini, safi, ambayo haijawahi kugusa rangi.

Kabla ya kumaliza pakiti nzima kwa kubahatisha, kata karatasi moja ya A4 vipande vinne na uchape eneo lile lile la uso, jicho na shavu lililo kivulini na sehemu ya kola, kwa marekebisho manne tofauti. Viandike namba kwa nyuma. Viweke kwenye ukuta wenyewe, urefu ule ule, na waite wanafamilia walioishi na aliyepigwa picha. Wao ndio wanaojua kama shavu lake lilikuwa hivyo.

Picha ikishatoka, iache siku nzima kabla ya kuifungia kwenye kioo, ikiwa imelazwa chini ya karatasi safi ya kawaida, mvuke wa wino utoke. Weka fremu ya kadi kati ya picha na kioo ili visigusane. Mbao laini na maboksi yaliyokatwa, ambayo mafundi wa fremu huyatumia kwa nyuma, yana asidi inayohamia kwenye picha. Karatasi moja isiyo na asidi katikati yao ni gharama ndogo. Nyuma ya fremu, kwenye kona mbili za chini, gundisha vipande vya mpira wa ndala ili hewa ipite kati yake na ukuta, maana ukuta wa tofali hupitisha unyevu wa mvua, na mchwa hupenda mahali penye giza pasipo na hewa.

Chapa mbili. Tetemeko la Septemba 10, 2016 lilibomoa nyumba nyingi mkoani Kagera kwa muda mfupi sana, na picha yenye nakala moja tu inategemea ukuta mmoja tu. Ya pili ikae kwa ndugu wa mji mwingine, ndani ya bahasha isiyo na asidi, pamoja na faili lake kwenye flashi. Nyuma ya zote mbili, pembeni na mbali na uso, andika kwa penseli laini jina la aliyepigwa, kijiji chake, na mwaka kama unajulikana; chini yake andika aina ya karatasi, printa, wino na mwezi uliochapa, ili mjukuu akitaka nakala ya tatu fundi wake ajue pa kuanzia.